Habari Namba Saba

Mwalimu alikuwa hataki kioo. Wateja wengine wa saluni yangu hapa Karatu wakikaa kwenye kiti wanajiangalia mpaka wanajikonyeza, lakini yeye aliniambia nigeuze kiti kitazame barabara. Halafu ananipa daftari lake. Mkono huu mashine, mkono huu daftari, namnyoa huku namuuliza maswali. Waziri wa maji ni nani. Anajibu. Taja nchi tunazopakana nazo, anzia kaskazini. Anazitaja, na mji mkuu wa kila moja, na nani anatawala, na mimi nimeshamaliza upande mzima wa kichwa yeye bado yuko Msumbiji.

Mimi nimeishia darasa la saba. Maswali yenyewe nilikuwa nayasoma kwa kuvizia, na majibu yake sina. Lakini kila akijibu nasema "sahihi" kwa sauti nzito kama mkaguzi wa shule. Siku moja akanikamata. Alisema makusudi kwamba mji mkuu wa Zambia ni Lilongwe, na mimi nikasema sahihi. Hakunicheka. Aligeuza shingo, nusura nimkate sikio, akaniambia, "Mdogo wangu, kama hujui sema hujui. Hakuna anayefungwa kwa kutokujua." Toka siku hiyo nikawa nasema sijui. Nadhani ndiyo maana akaanza kuniamini, na ndiyo maana naandika haya nikiwa nimejiinamia.

Alikuwa mwalimu wa kujitolea huko juu Nainokanoka, ndani ya hifadhi, kwenye baridi ile inayomfanya hata mbwa asitoke nje kubweka. Kujitolea maana yake unafundisha kama wenzako lakini kwenye orodha ya waajiriwa haupo. Wazazi wa kule walikuwa wanampa maziwa, mara moja moja mbuzi. Yeye ni Mwiraqw wa Buger, mkulima mtoto wa mkulima, lakini Kimasai alikiongea mpaka wazee wa kule wanamtania kwamba wakati wa kugawa rika alisahauliwa. Watoto aliwafundisha kwa lugha mbili na nusu. Ile nusu ni Kiingereza.

Alichokuwa anakitaka ni kazi ya mtendaji wa kata. Miaka yote hiyo ninayomjua alikuwa anaomba, anaitwa kwenye mtihani wa mchujo, anakwama. Sheria na utawala alikuwa anavijua. Kilichokuwa kinamkwamisha ni mambo ya sasa, yaani nini kimetokea nchini juzi, nani kateuliwa wapi, serikali imetangaza nini. Huko anakokaa mambo ya sasa yanafika yakiwa ya zamani. Na matangazo ya kazi yanasema mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano. Mwaka ninaousimulia alikuwa na arobaini na minne na ushee. Ilikuwa kamba ya mwisho hiyo, na kila mtu saluni alikuwa anajua.

Sisi vijana tulimwita Mtendaji. Jina nilimpa mimi, kwa kejeli. Akipita tunasimama, tunampigia saluti, Fundi viatu wa pale mlangoni anamwomba amgongee muhuri kwenye soli. Yeye anaitika tu, anatuuliza kama tumelipa ushuru wa taka. Miaka mingi nilidhani hajui tunamkejeli. Siku hizi nadhani alikuwa anajizoesha kuitikia.

Kicheko chake kilikuwa kinachelewa. Huyu mtu akishuka likizo unampa utani Jumatatu, anakutazama tu kama umemsomea bei ya mbolea. Jumatano anapita barabarani, anasimama katikati, anaanza kucheka mwenyewe mpaka anashika magoti. Niliwahi kumwambia wanawake wa Karatu wanaogopa walimu kwa sababu hata ukiomba chumvi unaambiwa nyoosha kidole. Alikuja kucheka baada ya siku nne, kanisani, wakati wa matangazo. Mke wake alimkanyaga mguu.

Alikuwa na mambo yanayogombana. Alijua jina la kila mkuu wa mkoa nchi nzima, ila siku ya mnada alikuwa anaisahau, anashuka na kondoo wake siku ambayo uwanja una mbuzi wa jirani tu na vumbi. Alikuwa mkali wa muda, mwanafunzi akichelewa dakika tano anasimamishwa, na yeye saa hana, anahesabu kwa ng'ombe kutoka bomani. Uvumi hakuutaka kabisa. Ukianza kumwambia "wanasema", anakukata. "Wanasema ni nani? Weka nukta." Hiyo "weka nukta" aliitumia kwa watoto, kwa makondakta, na siku moja kwa mchungaji aliyezidisha sala kabla ya chakula.

Sasa mpango wake wa kujisomea. Huo ndio uliokuwa unanifanya nimheshimu hata nilipokuwa namcheka. Alikata boksi la majani ya chai, akalikunjua, akachora mistari kwa rula. Jumatatu, wizara na viongozi wake. Jumanne, bajeti na uchumi. Jumatano, majirani zetu. Alhamisi, dunia. Ijumaa, mambo ya kata na vijiji, na hapo aliandika kwa wino mwekundu. Jumamosi kujipima, Jumapili baada ya kanisa kurudia alichokosa Jumamosi. Kila siku saa moja kabla ya kufundisha na nusu saa baada ya chai ya jioni. Chini kabisa aliacha mstari mmoja mtupu, ameuandika "Nisichokijua". Humo aliweka jambo moja kila wiki ambalo amegundua hana habari nalo. Vijitabu vya maswali na majibu vinavyouzwa stendi hakuvinunua. Alisema hayo ni maswali ya maiti, yeye anatafuta ya walio hai. Na alianzia miezi mitatu ya nyuma tu, habari mpya kwanza, akirudi kinyumenyume. Alinieleza hivyo kwa makini, kama vile na mimi nina usaili.

Shida ilikuwa habari zenyewe. Simu kule ilikuwa inashika mtandao juu ya kilima kimoja, tena ukisimama upande mmoja na kofia umeishika. Redio alikuwa nayo, ya betri, ila baridi inaziua betri. Alikuwa anaziweka kwapani wakati anafundisha, akitoka darasani anazirudisha kwenye redio zikiwa na joto lake, anapata dakika ishirini. Na katika dakika ishirini hizo masafa yalipenda kuleta stesheni za Kenya. Ndiyo maana alijua bei ya unga Nairobi kuliko ya Karatu.

Basi akanipa kazi. Saluni yangu ina redio inayoongea toka asubuhi, wanasoma magazeti, wanasoma taarifa, wanarudia. Aliniomba niwe namwandikia habari saba kila wiki, moja kwa kila siku, fupi fupi. Karatasi nampa dereva wa gari la mizigo linalopanda Nainokanoka, linalobeba unga na sukari za maduka ya kule. Nilimwambia mwandiko wangu ni wa darasa la saba. Akasema habari haina darasa.

Nilianza vizuri, nisijidharau. Nilikuwa nazima mashine mteja akiwa nusu kichwa ili nisikie jina la katibu mkuu mpya. Wateja wakalalamika, wakazoea, mwisho wakawa wananisaidia. Mmoja anasema hapana, alisema bilioni, siyo milioni. Mwalimu akishuka mwisho wa mwezi ananionyesha daftari lake, amenakili kila habari niliyomtumia, na pembeni, kwenye safu ya chanzo, ameandika jina langu. Pale mistari mingine inaposomeka redio, gazeti, mkutano wa kijiji, mimi nipo. Sijawahi kuandikwa sehemu nzuri kama ile, nikitoa cheti cha ubatizo.

Halafu ikaja wiki ya Pasaka. Kila mzazi Karatu anataka mtoto anyolewe, umeme unakatika unarudi, redio kimya. Dereva wa gari la mizigo ameshasimama nje anapiga honi. Nina habari sita, nyingine nimeziokota juu juu. Ya saba sina.

Ningeweza kuandika sijui. Nilishafundishwa.

Ila pale kijiweni walikuwepo washkaji wanne na Fundi viatu, na mimi nikiwa na watu wanne mbele yangu mdomo haufungi. Nikachukua kalamu nikawaambia sikilizeni. Nikaandika, huku nasoma kwa sauti ya mtangazaji: namba saba, serikali kuanza kuwapa watendaji wa kata punda badala ya pikipiki, kwa majaribio, kuanzia kata za milimani zisizopitika wakati wa mvua. Punda hao watavalishwa hereni zenye namba ya serikali. Watu walicheka mpaka Fundi akajichoma na sindano ya kushonea viatu. Honi ikapigwa tena. Nikakunja karatasi nikampa dereva.

Naapa nilidhani atacheka. Siyo siku hiyo, baada ya siku nne, kama kawaida yake.

Sikuwaza kwamba ukiwa Karatu punda wa serikali ni kichekesho, ila ukiwa Nainokanoka ni akili. Kule mvua ikinyesha gari linakaa wiki. Maji, unga, mgonjwa, vyote punda. Mwalimu alikuwa anaona kila siku pikipiki ya kijiji imelala chini ya turubai inasubiri kipuri, na punda wanapita mbele yake na mizigo. Kwake ile habari ilikuwa mara ya kwanza serikali inafikiri kama watu wa kule. Aliipenda. Aliihamishia Ijumaa, kwenye wino mwekundu.

Mwaka huo akapita mchujo. Mara ya kwanza. Dereva ndiye alileta habari, na saluni nzima tulipiga makofi, hata mimi, kwa moyo mweupe kabisa. Uliobaki ulikuwa usaili wa mdomo, Arusha.

Alishuka siku moja kabla, mchana, na koti la kuazima kwenye mfuko wa nailoni. Akakaa kwenye kiti, kikageuzwa kitazame barabara. Siku hiyo hakunipa daftari. Alisema leo hataki kuulizwa, anataka kusema mwenyewe, sisi tusikilize kama wasaili. Washkaji walikuwepo. Fundi alikuwepo.

Akasema la kwanza, la pili, mpaka la sita, sauti imetulia, takwimu zake, nani alisema na wapi. Tulikuwa tumenyamaza kwa heshima. Halafu akafika kwenye punda.

Hakulisoma kama nilivyoliandika. Alikuwa amelijenga. Alisema gharama ya kumtunza punda na gharama ya pikipiki, akasema punda haamki mbovu, akasema mtendaji juu ya punda anawasalimia watu njiani, ila juu ya pikipiki anawarushia matope. Akasema angependa kata yake iwe ya kwanza kwenye majaribio. Fundi alikuwa amejifunika uso na kiatu cha mtu. Washkaji mabega yanaruka. Mmoja akatoka nje kabisa.

Mwalimu akaniuliza, bila kugeuka, "Hiyo ya mwisho umeionaje? Imekaa?"

Mashine ilikuwa inanguruma nyuma ya shingo yake. Nikawatazama wale jamaa, wote macho kwangu, wanasubiri nisiharibu. Nikasema kwa ile sauti nzito ya mkaguzi, "Sahihi."

Kesho yake nilifungua saluni sijalala vizuri. Saa mbili nikapiga simu, inaita, haipokelewi. Saa tatu imezimwa. Nikatuma ujumbe: Mwalimu ile ya punda ni utani wangu samahani usiiseme. Ujumbe ule bado ninao kwenye simu. Haukujibiwa mpaka leo.

Kazi hakupata. Sijui kama ni kwa sababu ya punda, labda kulikuwa na waliomzidi, ndivyo watu wangu wanavyoniliwaza. Ila miezi michache baadaye alitimiza arobaini na mitano, na kule juu akaaga. Dereva alisema watoto walimsindikiza mpaka mwisho wa malisho. Akarudi kwao Buger. Saluni hakuja tena. Nilisikia ananyolewa na mke wake, kwa mkasi.

Washkaji hadithi ya punda waliendelea kuisimulia mwaka mzima, kila mgeni anasimuliwa, na mimi ndiye shujaa wake. Nilicheka nao mara nyingi. Hilo pia naliandika.

Nilimwona baada ya miaka miwili. Parokia ya Buger ilikuwa na Kipaimara, wazazi wakajichanga kuita kinyozi, wakaniita mimi. Kutoka kwetu Ganako, hapa hapa Karatu, mpaka kule nilikwenda na pikipiki ya kukodi, na mvua ilikuwa imepiga wiki nzima. Njia ya chini, pale kwenye korongo, maji yalikuwa yamepanda yamebeba na ukingo wa barabara. Mwenye pikipiki akageuza, mimi nikavuka kwa miguu huku begi la mashine liko kichwani.

Nimenyoa watoto kama ishirini. Wa mwisho, mama yake akanielekeza kwa Mwalimu bila mimi kuuliza. Nikaenda.

Alikuwa shambani anang'oa maharage. Kichwa chake kimekatwa ngazi ngazi, nikaona aibu hata kwa hilo. Nikampa shikamoo. Akaitika, akapangusa mikono, akaniuliza ya nyumbani, ya mama, ya saluni, moja baada ya nyingine bila haraka. Tukakaa kwenye gogo. Mke wake akaleta chai ya maziwa, akarudi ndani.

 Nikamwambia, "Mwalimu, ile ya punda niliitunga mimi. Na siku ile unanyolewa nilijua."

"Najua," akasema. "Nilijua nikiwa ndani kwenye usaili. Walikuwa watatu, wakacheka, mmoja akaniuliza kama punda atakatiwa bima. Nikamjibu. Nilidhani ni swali." Akanywa chai. "Halafu yule mama wa katikati hakuwa anacheka. Aliniuliza nimeitoa wapi hiyo habari."

"Ukasema nini?"

"Nikasema nimesikia redioni." Akaweka kikombe kwenye gogo. "Ningesema kinyozi wangu? Nikasema redioni. Ujumbe wako niliusoma nikiwa getini, nimeshatoka. Lakini kitu ninachokumbuka sana ni hicho, kwamba niliwadanganya watu wa serikali, tena kwenye usaili wa serikali."

Nikamwambia uongo ule ulikuwa wangu, siyo wake. Akasema hapana, wangu ni namba saba, wa redio ni wake, tusichanganye mafaili. Akaniambia hana kinyongo, yameisha, na nilimwamini maana alinimiminia kikombe cha pili bila kuulizwa. Tukaongea vizuri tu. Alisema kesho asubuhi anateremsha magunia ya maharage Karatu, gari la jirani yake limeshakubali, watapita njia ya chini kwa sababu ndiyo fupi.

Nikamwambia, "Mwalimu, usipite huko. Korongo limejaa na barabara imekatika. Mimi nimetoka huko leo asubuhi. Zungukeni juu."

Akanisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa anasikiliza zamani. Mimi nimekaa pale tope limenipanda mpaka magotini, suruali imekauka nalo. Akasema haya, vizuri umesema.

Wakati huo alipita mama mmoja njiani, jembe begani, anatoka upande wa chini. Mwalimu akasimama. Akamsalimia kwa Kiiraqw, akamuuliza hali ya watoto, halafu akabadilisha kwa Kiswahili, nadhani ili nisijione natengwa, akamuuliza kwa upole kama ni kweli pale korongoni hapapitiki.

Mama akasema hapapitiki, barabara imeondoka yote.

Mwalimu akamshukuru. Kisha akanigeukia, akanishukuru na mimi.